Mwalimu Immakulata na Hesabu za Bomba la Kagerankanda

Padre, wazee, majirani, na ndugu mliotoka Kibondo, mimi ni Ildefonsi, kaka wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Immakulata Harerimana.

Alizaliwa Kumsenga, tarehe 14 Mei 1938, akasoma shule ya kati Kibondo, akahitimu ualimu mwaka 1958, akafundisha hesabu hapa Kasulu, na tarehe 2 Januari 1960 akafunga ndoa na shemeji yangu Reverien, wakajaliwa watoto watatu, wote wabishi kama mama yao.

Mwaka 1975 alikwenda kozi Dar es Salaam, akaiona kompyuta, mashine ya kujaza chumba, na foleni ya ofisi zinazoingoja, akarudi akisema kazi kubwa ikigawanywa kwa vichwa vingi haina haja ya kungoja mashine moja. Tulimcheka, jamani! Mwaka huu Bwana Hamis, fundi wa maji, alileta vipimo vya bomba la maji la kijiji cha Kagerankanda, akasema hesabu zake zitangoja foleni ile ya kompyuta hadi mwakani, na huku watoto wa kule wanaugua matumbo kwa maji ya bondeni. Immakulata akakusanya vijana ishirini, wanafunzi wake waliomaliza darasa la saba, akawapanga mstari mmoja, kila mtu akingoja jibu la mwenzake, ikawa vurugu tupu, kwani mmoja akichelewa wote wamekaa. Hakukata tamaa, akaligawa bomba vipande, makundi mawili kwa kila kipande ili wasahihishane, majibu yakutane jioni tu, na mtu akiugua fungu lake apewe mwingine.

Aliyeugua ni yeye. Figo zilimshinda mwezi Juni, akalazwa, na Jumanne tarehe 8 Agosti 1978, alfajiri, akatutoka.

Najua mnanong'ona kwamba wanafunzi wake hawaonekani hapa, na kwetu kukosa maziko ni aibu kubwa. Niulizeni mimi! Hesabu zinatakiwa mkoani Jumamosi hii, zikikosekana mabomba yanapewa kijiji kingine, na marehemu aliagiza, mbele yangu na mumewe, asije hata mmoja wao kumlilia kabla jibu la mwisho halijatoka, nikakataa, nikalia, akanikazia macho mpaka nikakubali. Basi wako darasani, wanalia huku wanahesabu, na fungu lake amelichukua Esteri, binti yake wa kwanza, msimtafute kaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotuletea kuni na unga, walimu wenzake, na Bwana Hamis anayewasimamia vijana saa hii.

Dada yangu, hesabu zinaendelea. Pumzika kwa amani.