Miche Mitatu Nyuma ya Nyumba

Ndugu zangu, naomba niseme nikiwa nimekaa. Magoti yamechoka, na nikisimama nitaanza kuhubiri, nami leo sikuja kuhubiri. Nimekuja kueleza kosa langu. Majina sitataja.

Miaka kadhaa iliyopita mkwe wangu, mke wa mwanangu anayeendesha malori huko Tunduma, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto aliishi siku mbili. Mnajua tulivyokuwa tukifanya huku milimani: mtoto mchanga hawekewi matanga. Akina mama walimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, wakanawa mikono, wakarudi shambani. Mkwe alipoendelea kulia, nilimtuma mke wangu: "Kamwambie anyamaze. Machozi yanafunga tumbo, hatazaa tena." Nilimtuma kwa sababu sisi tulilelewa hivyo, baba mkwe hasemezani na mkwe wake ana kwa ana.

Haikutosha. Mvua zilipoanza nilisawazisha kile kikaburi, nikapanda miche mitatu ya kahawa juu yake. Nilifikiri jicho lisipoona, moyo utasahau. Nawaambia ukweli, nilijiona mwenye hekima.

Kahawa haina haraka. Miche ile ilizaa kwa mara ya kwanza mwaka uleule mkwe aliposhika mimba nyingine. Sisi tukashangilia, yeye hakushangilia. Hakununua hata kitambaa. Kliniki alikwenda mara moja, akaacha. Chakula alikuwa anakigusa tu. Wakati wa kuchuma alichuma shamba zima, ile mitatu akairuka. Buni zikakauka mtini. Nikafoka mbele ya mke wangu: "Mkwe wako amekuwa mvivu!"

Mke wangu akaweka ungo chini. "Mvivu? Wewe unataka achume kahawa juu ya kifua cha mwanawe?"

Akaendelea, taratibu: "Na mimi, yule wetu wa kwanza tuliyemzika akiwa mchanga, ulinikataza kumlilia. Mpaka leo hujaniuliza nilimpa jina gani."

Jamani, tumeoana tangu nina meno yote. Sikujua kwamba yule mtoto alikuwa na jina.

Kesho yake alasiri mkwe alikuwa akipukuchua maharage nyuma ya jiko. Nikaketi upande wa pili wa ukuta, tumepeana mgongo. Nikasema, "Mwanangu, nimekukosea. Ile kahawa niliipanda mimi."

Maharage yakaacha kudondoka. "Najua, baba."

"Kliniki unaogopa nini?"

"Wataniambia moyo haupigi. Akitulia kidogo tumboni, namtikisa. Na nikimfurahia huyu, baba, yule ataona nimemsahau."

Nilitaka kumwambia kwamba huyu atakaa. Nikajizuia, ahadi hiyo sikuwa nayo mkononi. Nikauliza tu, "Yule tulimwita nani?"

Akanitajia. Kisha akalia kile kilio nilichokikataza miaka yote ile. Mke wangu akatoka jikoni, akaketi chini akalia naye. Safari hii sikumtuma mtu kumnyamazisha.

Asubuhi nikaikata ile miti mitatu kwa msumeno. Mizizi nikaiacha, nisimsumbue mtoto. Tukapanga mawe kuzunguka. Halafu tukamsindikiza mkwe zahanati, mke wangu pembeni yake, mimi nimetangulia mbele kama mtu aliyekodiwa kusafisha njia. Muuguzi akamsikilizisha moyo wa mtoto, akamwambia, "Mama, usisubiri tarehe. Ukiogopa, njoo tusikilize pamoja. Na akipunguza kucheza, usimtikise nyumbani, njoo saa hiyohiyo."

Alikwenda mara nyingi. Sitawadanganya kwamba hofu iliisha. Kuna siku alicheka mchana, jioni akasukuma sahani. Lakini sasa alikuwa akisema, "Leo naogopa," na mtu alikaa naye. Mwezi wa mwisho akaomba kitu kimoja tu: shali ya kumfunika mtoto. Nikaenda Isongole mwenyewe. Mwuzaji akanitania, "Mzee, umeoa tena?" Nikamjibu, "Hapana, ndiyo kwanza najifunza kuwa baba."

Amejifungua binti. Analia kwa sauti ya kuamsha kijiji, na hakuna anayemnyamazisha kwa haraka.

Namshukuru yule muuguzi, ambaye hakumcheka mwoga. Namshukuru mke wangu aliyeweka ungo chini. Na jina la mtoto wetu wa kwanza sasa ninalijua, nimelijua nikiwa mzee. Ninyi wazee wenzangu, mama aliyefiwa akibeba mimba nyingine, msimwambie asahau. Hawezi, na akijaribu anaumia mara mbili. Muulizeni jina la yule aliyetangulia, halafu mnyamaze msikilize.

Mkwe wangu amekaa pale nyuma. Bado simtazami usoni, mazoea ni mazoea. Lakini ibada ikiisha atampa bibi mtoto, bibi atanipa mimi, na tukifika nyumbani tutazungukia nyuma kwanza, kwenye yale mawe, tumsalimie kaka yake kwa jina.