Mgonjwa wa Ottilia

Benchi la Karani Mwinyimvua lilikuwa nyuma ya ghala la ushirika pale Mbinga, na kahawa alikuwa akiipika mwenyewe, kwa mkono wa kwao Tanga. Wamatengo wanaoilima kahawa hiyo walijifunza kuinywa hapo, tena kwa kukunja uso. Jioni hiyo Nazari alikuwa amekunja uso hata kabla ya kupewa kikombe. Mkewe, Ottilia, alikuwa mhudumu wa wodi huku akisomea unesi, na kesho yake alikuwa na mtihani wa vitendo: kumwogesha na kumbadilishia shuka mgonjwa asiyeweza kuinuka. Mara ya kwanza alifeli, maana alivuta shuka kwa pupa na mgonjwa nusura aanguke. Tangu hapo alikuwa akimlaza Nazari kitandani na kujifunzia kwake, mpaka juzi jirani yao Benno alipokuja kuazima jembe akachungulia dirishani.

Huyo Benno walimwita Redio, kwa kuwa hazimiki, na habari alikuwa ameshaifikisha kote; sasa alikuwa hapo benchini akiirudia.

— Mtu mzima na ndevu zake anaambiwa "geuka, baba", na kweli anageuka.

Karani aliona hilo halina ajabu.

— Siasa ni kujitegemea, ndugu zangu. Sasa kila nyumba inatakiwa iwe na mgonjwa wake.

Benno akasema hapana, hiyo ni mipango ya wanawake. Mume akishazoea kugeuzwa kitandani atageuzwa na shambani, mwisho atageuzwa hata kwenye mkutano wa TANU, anyooshe mkono bila kutaka. Karani akaongeza kwamba waume wa manesi hupimwa uzito, na mke akihamishwa, aliye mwepesi husafirishwa Kigoma pamoja na masanduku yake. Wakacheka. Nazari naye akacheka, ingawa aibu ilikuwa inamla.

— Nimeshamwambia asubuhi, akasema. Silali tena.

— Akasemaje?

— Alikunja shuka akaenda kazini.

Wakampongeza, Karani akamjazia kikombe. Nazari alijiona mwanamume.

Pembeni alikaa Msengi, bwana shamba mpya kutoka Singida, aliyekuwa ameshuka kwenye basi wiki hiyo. Aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

— Samahani, wakubwa. Huyo mgonjwa wa mtihani wa kesho ni nani?

Katika wodi ya wanawake alikofanya kazi Ottilia, asiyeweza kuinuka alikuwa mmoja tu: mama yake Benno, aliyeteleza kwenye ngolo, yale mashimo ya kukinga maji shambani, akavunjika paja, na ambaye alikuwa akilia hata godoro likiguswa. Karani alijifanya anachungulia birika. Nazari alikuwa ameshasimama.

Benno aliweka kikombe chini.

— Nenda kalale, ndugu yangu, akasema polepole. Na ujilegeze kabisa. Mama hataweza kujigeuza kumsaidia mkeo.