Yule Mtu Aliyeachwa Mwezini

Mchana huo pale Malaba, foleni ya trela ilikuwa imelala kabisa, na benchi la Mama Amuge lilijaa kahawa na ubishi. Dada Sylvia, wa maabara kule Alupe, alikuwa ameandaa maonyesho ya filamu za sayansi uwanjani Jumamosi, akakiachia kijiwe kichague moja ya anga. Quinton, waliyemwita Sateliti kwa sababu alidai kila habari hupitia kwake, alijitwika kazi hiyo. Shule aliiacha darasa la saba, lakini Jumamosi angeshika kipaza sauti mbele ya walimu wale wale waliomchapa, awaeleze mambo ya anga.

— Nimepata ile yetu, alisema, akipunga flashi. Jamaa aliyeachwa mwezini. Ile ya kibanda cha video cha Okedi.

Benchi zima lilishusha pumzi. Okedi! Alikuwa anazima sauti ya filamu, anaitafsiri mwenyewe, Kiswahili, Kiteso na Kiganda vimechanganyika kama mahindi na maharage ya nyoyo chunguni.

— Banange, mimi nililia, Mama Amuge alisema. Kijana anamlilia mamake amchemshie muhogo!

— Muhogo gani, mama? aliruka Mzee Oundo, ajenti wa zamani mpakani, jina la kijiweni Forodha. Yule alizuiliwa. Karatasi zake za kurudi duniani hazikuwa na muhuri.

— Wazee, mnanichekesha! Quinton alidakia. Jamaa alikuwa na bibi wawili, mmoja Tororo, mmoja Nambale. Alijificha huko juu kwa hiari yake.

— Wewe ulichungulia kwa tundu la mabati.

— Tundu la mbele, mzee. Viti vya wakubwa.

Sylvia alifika na kompyuta yake, akachomeka flashi. Mtu ni yuleyule, mwezi ni uleule. Jamaa akakaa juu ya jiwe, akaitazama dunia. Akapumua. Akapumua tena.

— Ongeza sauti, dada.

— Iko mwisho, mzee.

— Si hapa ndipo anamwita mamake? Mama Amuge aliuliza.

Sylvia alipeleka mbele, akarudisha nyuma. Jamaa hakusema neno hata moja.

— Sasa hayo yote mliyasikia kwa nani? Sylvia aliuliza.

Okedi walimzika mwaka wa korona, na kibanda chake siku hizi kinauza simu.

— Watu watalala hapa, Sylvia alisema kwa upole. Wacha niweke ile ya sayari, inajieleza yenyewe.

Quinton aliiona Jumamosi yake inavuka mpaka bila yeye. Alimtazama yule mtu juu ya jiwe.

— Rudisha mwanzo, dada. Halafu zima sauti.

Alisogea karibu na kioo.

— Mama, alianza polepole. Huku hakuna hewa ya kubeba sauti. Ndiyo maana nakuita, na husikii.

Mkono wa Sylvia ulikuwa tayari kwenye flashi, kuichomoa. Aliuondoa.