Shangazi Kidevu Anauachia Mlango

Baada ya miaka ishirini na saba ya kukaa mlangoni mwa ndege, mkuu wa wakufunzi wa shule yetu ya kuruka kwa mwavuli anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Katika hati za ofisi ana jina refu lenye cheo mbele yake. Wanafunzi, hata hivyo, wamemwita Shangazi Kidevu kwa muda mrefu kiasi kwamba mkurugenzi mwenyewe alilitumia jina hilo katika kikao cha bodi, na hakuna aliyeshtuka. Mimi niliyepewa heshima ya kuyasoma haya ni rubani wake. Miaka yote hiyo nimekaa mbele, naye nyuma yangu, kwa hiyo mengi ninayoyajua kumhusu nimeyajua kwa mgongo.

Alianza kazi katika chumba cha kukunjia miavuli, mezani, akinyoosha vitambaa na kupanga kamba. Baadaye alifuzu kuruka, akafuzu kufundisha, na alipopewa nafasi ya kuchagua somo, wenzake walishangaa. Wengine walipenda kufundisha kuuongoza mwavuli au kutua kwa madaha mbele ya jamaa waliokuja na kamera. Yeye alichagua kutoka, tendo linalokwisha kabla mtu hajapepesa macho.

Kwa faida ya wageni wetu ambao, kwa busara zao, hawajawahi kuruka, naomba nieleze. Ndege yetu ni ndogo na bawa lake liko juu ya mlango. Mwanafunzi hutoa mguu, hukanyaga kibao kilicho juu ya gurudumu, hushika nguzo ya bawa kwa mikono miwili na kusimama nje, upepo ukimpiga usoni. Kisha huachia. Kamba iliyofungwa ndani ya ndege ndiyo inayomfungulia mwavuli. Akitoka kifua mbele, mgongo umepinda na miguu nyuma, kamba hujinyoosha vizuri juu yake. Akijikunja, hubingirika, na anayebingirika kando ya kamba ile anaweza kunaswa nayo mguu, mkono au shingo. Hofu hiyo Shangazi alikwenda nayo nyumbani kila jioni na kurudi nayo kila asubuhi.

Aligundua mapema kwamba wanaotoka vibaya si waoga kuliko wenzao. Kosa lao wamelileta kutoka nyumbani. Tangu utotoni kila mmoja wetu amefunzwa kwamba mlango ukiwa mfupi unainamisha kichwa, na ukishuka unaangalia pa kukanyaga. Ni adabu nzuri kabisa kwa mtu anayeingia jikoni. Mlangoni mwa ndege ni hatari, maana kichwa kikiinama mabega hufuata, kifua huingia ndani, na mwili mzima hujikunja kama wa mtu anayetafuta kiatu uvunguni mwa kitanda.

Basi akaomba kiunzi cha ndege mbovu, akakiweka kwenye banda letu juu ya magogo, akatandika magodoro chini yake. Chini ya bawa akabandika kipande cha utepe mwekundu, na kingine kama hicho akakibandika kwenye ndege yenyewe. Anayeachia nguzo sharti awe anautazama utepe huo, kwani macho yakipanda kidevu hupanda, na kidevu kikipanda kifua hujitokeza chenyewe. Mwanafunzi aliyesahau alimwona Shangazi akigusa kidevu chake kwa kidole kimoja, kimya, kama anayejikumbusha jambo. Jina lake lilitokana na kidole hicho.

Kati ya wote aliowafundisha, nitamtaja mmoja tu, kwa kuwa yumo humu ukumbini na amenipa ruhusa huku akicheka. Ni dereva wa lori, mtu wa miraba minne, mwenye mzaha usiokauka. Siku yake ya kwanza angani mzaha ulimkauka. Alitoka akiangalia viatu vyake, akaachia mkono mmoja kabla ya mwingine, akapinduka. Niliigeuza shingo na kuiona kamba ikimpitia kwenye goti, ikishuka hadi kwenye kifundo cha mguu, ikakawia pale. Halafu ikateleza kwenye kisigino cha buti na kumwachia. Mwavuli ukafunguka. Nikaigeuza ndege tukatua.

Dereva alitukuta uwanjani, midomo imemkauka, akitaka kurudi juu siku hiyohiyo kabla hofu haijamzoea. Shangazi alikataa.

“Hutoki tena kwenye ndege yangu mpaka mwili wako usahau kuinama.”

“Shangazi, nimeshajua kosa langu.”

“Wewe umejua, baba. Shingo yako bado.”

Wiki zilizofuata alianguka kwenye magodoro yetu hadi akayatoboa. Hakuridhika, akaendelea hata kazini kwake. Alisimama kwenye ngazi ya lori lake, akashika mkono wa kioo cha pembeni, akatunisha kifua, akainua kidevu na kujiachia. Madereva wenzake waliacha chai wakaja kutazama. “Bosi, lori limesimama! Unashuka au unapaa?” Mkewe alimpigia Shangazi simu kuuliza, kwa heshima zote, shule hii inafundisha nini hasa, maana mume wake sasa anapita kila mlango akitazama dari na amekwishajigonga mara kadhaa kwenye fremu ya bafu. Shangazi alimjibu kwamba hizo ni habari njema kupita zote alizosikia mwezi ule.

Siku ya kumjaribu tena ilifika. Tulipanda juu, mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia na ule mvumo unaomfanya mtu asisikie hata mawazo yake. Nilipunguza nguvu ya injini. Dereva akatoka, akashika nguzo, na ndege ikalalia upande wake kwa uzito. Nikasubiri isimame sawa, ishara ya kwamba ameondoka. Haikusimama. Nilipotazama, alikuwa pale pale, macho kwenye buti zake, akiitazama kamba.

Ndugu zangu, hapo hakuna njia nyepesi. Kumvuta arudi ndani ni kuhatarisha mzigo wa mgongoni ukwaruze fremu, mwavuli ufunguke na kuing’ang’ania ndege pamoja na sisi sote. Kumsukuma ni kumtoa akiwa amejikunja vilevile kama mara ya kwanza, na safari ile kamba huenda isiteleze. Nami singeweza kukaa na injini dhaifu kiasi kile kwa muda mrefu, kwani tulikuwa tukipoteza mwendo na usukani umeanza kutetemeka mikononi mwangu.

Hapa naomba nitoboe siri moja ya kazi. Wanafunzi wengi humkumbuka Shangazi kama mtu asiyejua woga. Mimi najua vingine. Kila mwanafunzi alipokuwa nje, mkono wake wa kushoto ulishika fremu ya kiti changu, nami niliuhisi ukikaza, mtu baada ya mtu, miaka yote. Siku ile ulikaza hadi kiti kikalia.

Hakupiga kelele wala hakumgusa. Alijiburuta kwa magoti hadi ukingoni, akatoa uso wake nje kwenye upepo uleule, mahali ambapo dereva angeuona hata akiwa ameinama, na akagusa kidevu chake. Macho ya dereva yakamfuata. Yakapanda usoni mwake, yakapanda kwenye bawa, yakatua kwenye utepe. Mikono yote miwili ikaachia pamoja. Alitoka kifua wazi, miguu nyuma, kamba ikajinyoosha juu yake kama uzi unaovutwa na fundi, na mwavuli ukachanua. Ndege ikasimama sawa. Kiti changu nacho kikarudi mahali pake.

Uwanjani dereva alimuuliza kama yeye haogopi kabisa.

“Naogopa kila siku, mwanangu. Siku nisipoogopa, msinifungulie mlango.”

Nayaamini maneno hayo kwa kuwa mumewe, fundi umeme, ananiambia kwamba nyumbani mama huyu hapandi hata ngazi ya kubadilishia taa. Eti ni juu sana, na haina mwavuli.

Katika utumishi wake wote, hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyenaswa na kamba hadi kuhitaji kuokolewa. Zana zake nazo zinabaki: kiunzi bandani, magodoro yenye viraka, na utepe mwekundu ambao wakaguzi waliwahi kutaka kuubandua wakidhani ni uchafu. Tunamshukuru kwa hayo, na zaidi kwa subira yake ya ukingoni, ambayo hatuna pa kuinunua.

Kuhusu atakayekaa mahali pake, uongozi umekwisha kutangaza: ni yuleyule dereva, ambaye aliliacha lori, akasoma, akafuzu na kusimamiwa na Shangazi mwenyewe hadi aliporidhika. Nakiri nilikuwa na mashaka. Ni mcheshi mno, nami niliogopa nisije nikarusha ndege yenye mtu mlangoni asiyejua kuogopa. Wiki iliyopita tulipaa naye kwa mara ya kwanza bila Shangazi. Mwanafunzi wake alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, anayetetemeka. Mlango ulipofunguka na mwalimu yule akakanyaga nje, nilihisi mkono mzito ukiishika fremu ya kiti changu, ukakaza, ukakaza zaidi. Sijawahi kufurahi hivyo kuumizwa mgongo.

Shangazi, mlango una mwenyewe. Nenda ukapumzike, ulale usingizi mzito, na hiyo taa ya nyumbani mwachie fundi. Tunakuombea siku nyingi zenye amani, nawe katika kila mlango utakaouingia, uingie kidevu juu.