Swali la Ngazi

Dereva wa gari letu la abiria, Probox, kutoka Kakuma hadi Lodwar, alipigia honi hata mawe. Nyuma yangu nyanya mmoja Mturkana, Akiru, alimweleza jirani yake wa kiti kuhusu mjukuu aliyempakata.

"Mhudumu wa afya aliuliza kama hii mtoto inapanda ngazi. Ngazi ya wapi, na sisi tunaishi manyata? Nikasema hapana. Akaandika eti iko nyuma. Nilikasirika! Akarudi kuipima vizuri: miguu iko sawa, lakini ukiita haigeuki. Kumbe ni masikio! Sasa imewekewa vifaa vya kusikia, inaniita nyanya mpaka nachoka. Mungu ambariki huyo msichana na ngazi yake."

"Amina," alisema jirani, Olive, mama Mkongomani aliyempakata mwanawe. "Lakini Justin wangu ni mupole tu. Hata makelele haimusumbui."

Ngamia wakakatiza barabara. Dereva akaikandamiza honi mpaka mjukuu wa Akiru akaziba masikio. Justin aliendelea kuchezea kifungo cha blauzi ya mama yake.

Kwa mara ya kwanza safarini, nilimshukuru dereva.

Gari liliposimama Lodwar, Olive hakushuka. "Mama," aliuliza polepole, "huyo musichana wa ngazi anapatikana siku gani?"