Ndege wa Dirisha la Wodi

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mshonaji nguo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi. Mwaka 1971 alifungua karakana ya redio nyuma ya duka la vitabu, akaifunga 2016. Redio mbovu aliujua ugonjwa wake kwa kuisikiliza tu, kabla hajashika bisibisi. Ndege nao aliwatambua hivyohivyo, bila kuinua macho.

Tarehe 17 Desemba 1977 alimwoa mama yetu, muuguzi. Siku hiyo alisimama ghafla mlangoni mwa ukumbi kumsikiliza ndege, wageni wote wamekwama nyuma yake. Mama akamwuliza, "Umenioa mimi au umeoa ndege?" Akajibu, "Ngoja kwanza amalize."

Sisi wanawe wanne alitukalisha ngazini kila asubuhi tumtaje ndege anayelia. Chai ilikuwa inapoa, kwa hiyo kila sauti tulijibu "njiwa." Alicheka, akatuachia. Majuto ni mjukuu.

Februari mwaka huu aligundulika ana saratani ya koo. Upasuaji wa tarehe 3 Machi ulimwondolea sauti. Wiki hiyo ndege mgeni alianza kuita dirishani mwa wodi, na Baba akaandika kwenye daftari: "Nani huyo?" Sisi hatukujua. Kaka alimrekodi kwa simu, akawatumia watu. Yakaja majibu matatu, ndege watatu, na Baba akatikisa kichwa kwa wote. Mimi, kwa kumhurumia, nikamwambia ni kurumbiza. Akaandika: "Kurumbiza namjua tangu sijaota meno. Usinidanganye, mwanangu." Hakuuliza tena. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijui niipeleke wapi.

Alifariki Jumanne, tarehe 24 Machi, saa moja asubuhi. Ndege alikuwa anaita. Tulikuwa watano kando ya kitanda, wote masikio mazima, na hakuna aliyekuwa na jina la kumpa.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Sauti ile bado imo kwenye simu ya kaka. Baada ya mazishi, anayemjua ndege huyo aje asikilize, atuambie. Tunajua Baba hatalisikia jina hilo. Tutakuja kulisema hapa kaburini hata hivyo.

Alale salama.