Mia Mbili Bila Kukwama

Benchi la mbele ya duka la Dorsey, chini ya vilima vya Kentucky mashariki, lina watu wake, na watu wenyewe wana majina ambayo mama zao hawakuwapa. Yupo Jaji, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu maishani, tena kwa kesi ya kugonga ng'ombe wa jirani, lakini hukumu zake pale benchini hazina rufaa. Kiunoni ana bastola ya bei ya trekta kuukuu, kwenye mfuko wa ngozi uliodariziwa. Yupo Luteni, aliyemaliza miaka minne ya jeshi akikaanga mayai. Yupo Kipara, na huyo hana haja ya maelezo. Na tangu mwaka jana yupo Arzella, mjane wa rafiki yao Orvil. Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja, akaketi palepale alipokuwa akiketi mumewe, akajimiminia kahawa. Wakamwita shemeji, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame.

Jumamosi hiyo kuhama ndiko kulikomnyima raha. Binti yake Renda alikuwa njiani kutoka Louisville kuja kumchukua, na angefika saa sita mchana. Mama hawezi kuendelea kukaa peke yake kule bondeni, Renda alikuwa amesema. Jirani wa karibu yuko maili mbili, na mwezi uliopita watu walivunja banda mchana kweupe. Walibishana kwenye simu wiki nzima, mpaka Arzella akasema amenunua bastola ya kujilinda, akamkumbusha sheria ya Orvil, marehemu baba yake. Bastola mpya huitegemei mpaka imepiga risasi mia mbili mfululizo bila kukwama. Ikikwama hata mara moja, unarudi kwenye moja. Renda amekulia kwenye sheria hiyo, akasema sawa. Ikipita, mama abaki kwake. Isipopita, wanafunga mizigo.

Bastola ya Orvil ilikuwa kubwa mno kwa kiganja cha Arzella, ndiyo maana akanunua hii, ndogo, nyeusi, ya bei ya chini kuliko zote kabatini kwa Dorsey. Aliifungua juu ya meza ya jikoni, akafuta grisi ya kiwandani, akapima springi kwa kidole, akamulika mtutu kwa tochi, akatia mafuta tone tone. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa cherehani kwenye kiwanda cha suruali, na chuma kwake ni chuma tu. Magazini, yaani visanduku vya kujazia risasi, zilikuja mbili, na moja akaipaka tone la rangi nyekundu ya kucha ili zisichanganyike.

Saa tatu asubuhi alikwenda kwenye kilima cha udongo nyuma ya duka na boksi tano, kila boksi risasi hamsini. Boksi la kwanza halijaisha, bastola ilikuwa imekwama mara tatu. Kila mara risasi iligoma kuingia, ikasimama kichwa juu. Alipomaliza boksi aliiacha bastola tupu na wazi juu ya meza ya pale kilimani, akarudi benchini na magazini zote mbili, uso umemshuka, na jamaa walikuwa wanamsubiri kama wanaosubiri kuku wa harusi.

Jaji alifungua kesi. Springi hizo ni za kalamu, alisema, wanazinunua kwa gunia. Luteni akasema springi haina kosa, ila chuma chenyewe ni cha friji zilizoyeyushwa, na friji ikipata joto inasahau kazi. Kipara akamwambia acha kamba, tatizo ni ukungu wa bondeni kwa shemeji, unaingia kwenye chuma kama baridi yabisi inavyoingia magotini.

— Nyote mnabwabwaja, akasema Jaji. Bastola inajua. Ikishikwa na mtu aliyefiwa, inazingua. Niliona kwa macho yangu.

— Uliona wapi?

— Niliona, bana. Usinihoji kama polisi.

Arzella alikuwa hasikii. Hofu ilikuwa imemkaa kifuani waziwazi, hofu ya chumba cha wageni kwa Renda, ghorofa ya nne, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea kufanya kazi hata moyo ukilia. Alikuwa anakumbuka kila mara ilipokwama: ya kwanza, magazini nyekundu. Ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu.

Akatoa kwenye mkoba kipande cha soksi ya nailoni, ile wanayovaa wanawake kanisani. Kiwandani hakukosa kuwa nacho, maana sindano yenye ncha mbovu jicho halilioni kosa lake, ila nailoni hulikamata. Akaipitisha taratibu kwenye mdomo wa magazini isiyo na rangi. Ikateleza. Akaipitisha kwenye ile nyekundu. Uzi ukanasa.

 Akatoa kijiwe chake cha kunolea sindano, akasugua pale palipokuwa na kipele cha chuma kidogo kuliko punje ya chumvi, akapitisha nailoni tena. Iliteleza.

Kipara alikuwa akimtazama muda wote. Akamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini:

— Shemeji, risasi zimekubakia mia mbili kamili, na Dorsey za aina hiyo hana mpaka Jumanne. Ikikwama mara moja tu, imekula kwako. Sisi tumwambie binti imeshapita. Nani atabisha?

— Orvil atabisha, akasema Arzella.

Akabeba boksi nne akarudi kilimani, na safari hii wote watatu wakamfuata na vikombe vyao. Akavaa miwani na vifuniko vya masikio. Kipara alihesabu kwa sauti, Luteni akajaza magazini zinapotoka, kwa vidole vya mtu aliyemenya viazi vya kikosi kizima. Ishirini. Hamsini. Themanini. Ilipofika mia moja, Jaji alikuwa ameacha kuhukumu. Mia moja na arobaini, kahawa ikapoa mikononi. Mikono ilimuuma Arzella mpaka mabegani, lakini hakulegeza.

Kwenye mia moja na themanini na mbili gari liliingia. Renda alishuka, akaziba masikio, akasimama nyuma yao bila salamu. Aliona midomo ya Kipara ikihesabu, na yeye akaanza kuhesabu naye.

Risasi ya mia mbili ilitoka kama ya kwanza. Chuma cha juu kikabaki wazi, magazini imekwisha. Ilikuwa ile nyekundu.

Arzella aliiweka bastola mezani, akavua vifuniko, akacheka kicheko ambacho benchi halijakisikia tangu Orvil afe. Luteni alirusha kofia. Kipara alimkumbatia Luteni, kisha akajifanya hakumkumbatia. Jaji akawa tayari anasema kwamba yeye tangu asubuhi aliona chuma hicho ni cha maana, ila watu wa hapa hawamsikilizi.

— Mjomba Jaji, akasema Renda kwa upole kabisa, akiangalia mfuko wa ngozi uliodariziwa. Hiyo yako ilipita mia mbili lini?

 Jaji akamtazama Luteni, naye Luteni akavuta shati lake lifunike vizuri bastola yake ya kiunoni. Wakamtazama Kipara, naye akainamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe, akaitikisa. Hata tone. Renda aliwasubiri kwa adabu kama mtu anayetaka kujua kweli.

Kisha alimgeukia mama yake. Macho yalikuwa yamemlowa.

— Mama, nimekuja na maboksi kumi na mawili matupu ya kupakia vitu vyako. Nifanyeje nayo?

Arzella alitazama chini, maganda ya risasi yametapakaa kwenye udongo, yanang'aa.

— Lete moja, akasema. Uniokotee maganda. Baba yako hakuwahi kuyaacha chini.